Kabla Mtoto Hajafukuzwa: Lubumbashi Inahitaji Wanasihi wa Aina Gani?

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa Februari 18, 2006, ina vifungu viwili vinavyofuatana ambavyo kila anayefanya kazi na vijana mjini Lubumbashi anapaswa kuvifahamu. Kifungu cha 40 kinampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na mtu anayemchagua, wa jinsia tofauti na yake. Kifungu cha 41 kinapiga marufuku kumtelekeza mtoto na kumtendea vibaya, na kinaeleza kwamba mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Cha kwanza hunukuliwa makanisani na bungeni kila mara suala la mapenzi ya jinsia moja linapozuka. Cha pili ni nadra kusikika. Hata hivyo, kijana anayebisha hodi kwa mnasihi hakuja kuulizia ndoa. Ni mvulana wa miaka 16 ambaye kaka yake amepekua simu yake, au msichana ambaye ujumbe wake kwa rafiki umeangukia mikononi mwa mama. Nguo zimetupwa nje ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, na baba ameapa kuwa hamtambui tena. Haki iliyovunjwa hapo ni ya kifungu cha 41.

Mjadala wa kuwaandaa wanasihi kwa ajili ya vijana wa LGBTQ ungepaswa kuanzia hapo. Ni rahisi kuanza mafunzo kwa kufafanua herufi moja baada ya nyingine, na maarifa hayo yana kazi yake. Lakini mama wa Katuba aliyekesha akilia hajui herufi hizo wala hazimsaidii usiku huo. Anataka kujua kama mwanawe amelogwa, kama yeye ndiye aliyekosea malezi, majirani wataambiwa nini, na baba atatulizwa vipi. Mnasihi asiyeweza kukaa na maswali hayo manne hajaandaliwa, hata awe na vyeti vingapi. Kazi ya kwanza ni kuzuia mlango usifungwe. Mengine yote, yakiwemo maswali ya kijana mwenyewe kuhusu nafsi yake, hupata nafasi pale tu anapokuwa na mahali pa kulala.

Tazama njia ambayo habari kama hii hupitia. Kwa kawaida mama hujua kwanza, au yaya, yaani dada mkubwa. Kisha huitwa tantine, yaani shangazi, kisha mjomba au baba mkubwa. Halafu hutafutwa pasta, mara nyingi wa kanisa la uamsho la mtaani, ambaye huagiza mfungo na maombi ya kufungua vifungo. Mtoto akidhoofika kwa kufunga au akijaribu kujidhuru, hapo ndipo hupelekwa kituo cha afya kwa muuguzi. Mwanasaikolojia huja mwisho kabisa, kama anafikiwa. Lubumbashi ina Kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu katika Chuo Kikuu chake, ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na ina hospitali ya jimbo ya Jason Sendwe. Kwa mji wa mamilioni ya watu, wataalamu wa taasisi hizo ni wachache mno, na wengi wao wamesoma taaluma yao yote kwa Kifaransa ilhali ugomvi wa nyumbani huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo tukisema wanasihi waandaliwe, tusifikirie madaktari wa saikolojia peke yao. Tuwafikirie wauguzi wakuu wa vituo vya afya, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wanaojulikana kama APS, walezi wa vijana parokiani, na wakurugenzi wa nidhamu wa shule za sekondari. Mimi ningewatanguliza hao wa mwisho. Mkurugenzi wa nidhamu ndiye anayeamua, kwa barua moja kwa mzazi, kama siri ya mtoto itabaki shuleni au italipuka nyumbani.

Kwamba watu wasio na shahada ya saikolojia wanaweza kufanya kazi hii si ndoto. Nchini Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wagonjwa wa sonona kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kuwa waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hao walikuwa na mafunzo mafupi lakini pia walikuwa na wasimamizi waliowarudia mara kwa mara. Sehemu hiyo ya pili ndiyo husahauliwa na wapangaji wa semina.

Jambo la kwanza ambalo mafunzo yanapaswa kuling'oa ni wazo la ugonjwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi ya akili mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo Mei 17, 1990. Orodha mpya ya shirika hilo, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, imewaondoa katika sura ya maradhi ya akili pia wale ambao jinsia wanayojihisi hailingani na ile waliyoandikishwa walipozaliwa. Muuguzi wa Rwashi anayetumia orodha ya Shirika la Afya Duniani kwa malaria na kifua kikuu hawezi kuiweka kando inapofika hapa. Wala asidanganywe na wanaodai kuwa sayansi imegundua tiba. Robert Spitzer, daktari wa akili aliyechapisha mwaka 2003 utafiti uliodai kuwa baadhi ya watu waliweza kubadilishwa, aliomba radhi hadharani mwaka 2012 na kukiri kuwa madai yake hayakuwa na msingi. Mnasihi anayeahidi kumbadilisha mtoto anauza asichokuwa nacho, na analipwa na wazazi waliokwisha kata tamaa.

Kuna mkanganyiko mwingine, na huu unahitaji uangalifu zaidi. Watu wengi huchanganya mwelekeo wa kimapenzi na ulawiti, yaani udhalilishaji wa kingono wa mtoto. Mvulana aliyebakwa na mtu mzima huambiwa kuwa sasa amekuwa shoga, na mvulana anayempenda mwenzake wa rika lake huulizwa ni nani aliyemharibu. Wote wawili hudhulumiwa na mkanganyiko huo, na mbakaji hupona. Sheria namba 06/018 ya Julai 20, 2006, kuhusu ukatili wa kingono, ilipanua maana ya ubakaji ili wanaume na wavulana nao watambuliwe kuwa wanaweza kubakwa. Kwa hiyo mnasihi aliyeandaliwa vyema huuliza kwa utulivu kama kuna aliyemlazimisha kijana, na kama yupo, kesi ni ya jinai na kijana anahitaji daktari upesi. Kama hayupo, mnasihi haendelei kumtafuta mkosaji asiyekuwepo.

Sasa tuingie nyumbani, kwa sababu nyumba ya Lubumbashi ina historia yake. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu mamlaka ndani ya familia za wafanyakazi wa migodi, *Bana Shaba abandonnés par leur père*. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière iliwaruhusu wafanyakazi kuishi kambini na wake na watoto wao, ikatoa posho ya chakula, shule na matibabu. Vyote hivyo vilifika nyumbani kupitia jina la baba. Kampuni ya Gécamines, iliyochukua nafasi yake, ilirithi utaratibu huo, kisha ikaporomoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka kwa mkupuo wa fedha ambao kwa wengi haukudumu. Baba aliyekuwa na kadi ya kampuni akabaki na kiti tu sebuleni. Mama akawa ndiye anayelisha nyumba kwa biashara ndogo.

Usomaji wangu mwenyewe wa historia hiyo ni huu: baba wa Lubumbashi anayemfukuza mtoto kwa ajili ya mapenzi yake mara nyingi anapigania kitu cha mwisho kilichobaki mikononi mwake, yaani heshima ya jina. Hili halimpi haki ya kufanya hivyo, ila linamwonyesha mnasihi pa kuanzia. Akimwendea baba huyo kwa lugha ya lawama na mikataba ya kimataifa, anamvua na hicho kilichobaki, naye atafunga mlango kwa makomeo mawili. Akimwendea kama mlinzi wa nyumba, kama mtu ambaye neno lake ndilo litakaloamua kama mtoto ataishi, kuna la kuzungumza. Aidha lazima ajue neno la nani lina uzito katika ukoo huo. Kwa Walamba na Wabemba, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba anaweza kutengua kilichosemwa na baba. Kwa Waluba wa Katanga hesabu ni ya upande wa baba, na atatafutwa mzee wa huko. Hakuna mwongozo kutoka nje utakaomfundisha mnasihi hili. Anayelijua ni msaidizi wa kijamii aliyekulia Kamalondo.

Mazungumzo ya kwanza na mzazi yanafaa kuwa mafupi na ya vitendo. "Mama, aksanti kwa kuya. Mutoto alilala wapi jana? Alikula?" Maswali hayo yanamrudisha mama kwenye kazi anayoijua. Baada ya hapo mnasihi anaweza kumweleza kuwa hakumharibu mtoto, kwamba watoto wa namna hii huzaliwa katika nyumba za wacha Mungu na za wasiosali, na kwamba kumpiga hakutambadilisha ila kutamfundisha kuficha. Simwombi mnasihi amlazimishe mama kukubali kila kitu siku hiyo. Namwomba apate ahadi tatu: kwamba mtoto hatapigwa, hatafukuzwa, na hatatangazwa kwa watu. Mzazi anaweza kutoa ahadi hizo huku bado akilia na bado akiamini mafundisho ya kanisa lake.

Umuhimu wa ahadi hizo umepimwa. Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu vijana weupe na wenye asili ya Amerika ya Kilatini huko California. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kusema kwamba wamewahi kujaribu kujiua, ukilinganisha na wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. California si Katanga, na hesabu hiyo haiwezi kuhamishwa ilivyo. Ila matokeo yao mengine yana maana kubwa kwetu: vijana ambao familia ziliwakataa kwa kiasi walikuwa katika hatari ndogo kuliko wale waliokataliwa sana. Ndiyo maana kila mnasihi afundishwe kumuuliza kijana waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kunamwonyesha kuwa yupo anayeweza kulisikia.

Wako wanaosema kuwa mji huu hauna uzoefu wa mambo haya. Mimi nasema unao, na umekuwa nao kwa miaka mingi, ila katika jambo jingine. Lubumbashi imeona watoto wengi wakifukuzwa nyumbani kwa kushutumiwa kuwa wachawi: baba amepoteza kazi, mdogo amefariki, mtoto wa kambo akaonekana ndiye chanzo, pasta akathibitisha. Wengi wakaishia kuwa bashege sokoni na barabarani. Watawa Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, wamewapokea watoto wa mtaani katika nyumba zao za Bakanja. Kazi hiyo haiishii kwenye sahani ya chakula. Kuna kumtafuta ndugu, kuitembelea nyumba, kuzungumza na mzazi aliyeapa, kumtafuta bibi au shangazi atakayempokea mtoto kwa muda wakati hasira ya baba inapoa, na kurudi tena baadaye kuona kama anasoma na kama hapigwi. Katiba yenyewe, katika kifungu kilekile cha 41, inataja shutuma ya uchawi kuwa ni kosa, na Sheria namba 09/001 ya Januari 10, 2009, kuhusu ulinzi wa mtoto, imekuja kuitilia nguvu.

Mtu aliyewahi kumrudisha mtoto aliyeitwa mchawi katika nyumba iliyomkataa tayari anajua robo tatu ya kazi ninayoizungumzia. Anajua kuwa haingii kubishana na imani ya mzazi moja kwa moja. Anajua kuwa shangazi mmoja mwenye huruma ana thamani kuliko mkutano wa ukoo mzima. Anajua kuwa mtoto asirudishwe mahali ambapo atauawa, hata kama ukoo unadai. Robo iliyobaki ni kuondoa woga na ujinga kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na hiyo inafundishika. Tofauti moja lazima ikiriwe: mtoto aliyeshutumiwa uchawi husafishwa kwa kuthibitisha kuwa hana uchawi, ilhali kijana huyu atabaki alivyo. Upatanisho wake hauwezi kujengwa juu ya kiapo kwamba ameacha. Ukijengwa hivyo, utabomoka siku simu itakapopekuliwa tena.

Kwamba inafundishika, ushahidi uko kwetu Waswahili, pwani ya Kenya. Februari 2010 umati ulivamia kituo cha utafiti cha KEMRI huko Mtwapa kwa uvumi kwamba kulikuwa na harusi ya wanaume wawili. Baada ya tukio hilo, shirika la PEMA Kenya la Mombasa lilichukua njia ambayo wengi wangeiogopa, likawaendea viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, na kuanza nao mazungumzo. Watafiti wa Kilifi nao waliwapa watumishi wa afya 74 wa pwani mafunzo ya siku mbili, wakawapima tena baada ya miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa maarifa yaliongezeka na chuki ikapungua, hasa miongoni mwa wale waliokuwa na chuki kubwa zaidi mwanzoni. Hilo la mwisho lina uzito kwa Lubumbashi. Tusiwaalike katika mafunzo wale tu tunaojua watakubali. Muuguzi anayekunja uso ndiye anayepaswa kukaa kiti cha mbele.

Sheria inataka tahadhari, na mnasihi aijue vizuri kuliko polisi wa mtaa. Kongo haina sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Kilichopo ni kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu, kuhusu kuvunja maadili hadharani, chenye adhabu ya siku 8 hadi miaka 3, na kifungu hicho huweza kutumika kuwatisha watu na kuwatoza fedha. Miswada ya kuyaharamisha iliwahi kuletwa mwaka 2010 na 2013 bila kupita, na mwaka 2024 Constant Mutamba, mbunge aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka huohuo, alileta mwingine. Kijana anayesema atakimbilia Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa aambiwe ukweli: huko adhabu ni kuanzia miaka 15 hadi kifungo cha maisha.

Katika hali hiyo, siri ndiyo roho ya unasihi. Kifungu cha 73 cha sheria ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu mtaalamu anayefichua siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Uganda imetuonyesha kinachotokea siri inapoguswa. Sheria yake ya Mei 2023 iliweka wajibu wa kuripoti kwa polisi, na hata baada ya Mahakama ya Katiba kukifuta kifungu hicho Aprili 3, 2024, ni vigumu kurudisha imani ya kijana aliyeogopa kwenda kliniki. Mafunzo ya Lubumbashi yafundishe mambo madogo yanayolinda siri: kutoandika neno lolote la utambulisho kwenye daftari la wagonjwa ambalo mpokezi hulisoma, kutomhoji kijana mbele ya mama, kutotuma ujumbe kwenye simu inayotumiwa na nyumba nzima. Aliyewahi kukaa kwenye kituo cha afya cha mtaani anajua kuwa ukuta kati ya chumba cha muuguzi na benchi la wanaosubiri mara nyingi ni pazia.

Fedha nazo zina funzo chungu. Haut-Katanga ni miongoni mwa majimbo matatu ya Kongo, pamoja na Kinshasa na Lualaba, ambayo mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulijikita. Kupitia Ukimwi ndipo vijana wengi wa aina hii walipata kwa mara ya kwanza mtu wa afya aliyewasalimia kwa heshima. Hilo si dogo. Lakini mlango huo uliwapokea kama kundi la hatari ya virusi, ukawaacha nje wasichana wanaopenda wasichana, na wazazi hawakuwa na kiti humo. Kisha Januari 20, 2025, amri kutoka Washington ikasimamisha misaada ya nje. Ilipotolewa ruhusa ya kuendelea na baadhi ya huduma za Ukimwi, dawa za kuzuia maambukizi zilibakishwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kazi ya kuwalinda watoto wa mji isitundikwe kwenye msumari mmoja ulio ng'ambo ya bahari. Somo likiwekwa katika mtaala wa wauguzi na wa wanasaikolojia, halimaliziki mradi unapofungwa.

Kuhusu kanisa, sioni njia ya kulizunguka, wala sitaki. Januari 11, 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kuwa makanisa yao hayatabariki wapenzi wa jinsia moja. Tamko hilo lilishangiliwa. Waliolishangilia wengi hawakufika kwenye sehemu inayosema kuwa watu hao wanapaswa kutendewa kwa heshima na utu. Papa Fransisko, siku chache kabla ya kufika Kinshasa Januari 31, 2023, alisema kuwa mapenzi ya jinsia moja si jinai. Padre au pasta hahitaji kubadili mafundisho ya ndoa ili amwambie baba, mbele ya mkewe, kwamba kumtupa mtoto ni dhambi. Sentensi hiyo moja, ikitamkwa na mtu wa madhabahu, inaweza kufanya ambacho wanasihi kumi hawatakiweza, na ndiyo ninayotaka kila mafunzo yawaombe viongozi wa dini waitamke.

Nawageukia wenye uwezo wa kuanza. Kitivo cha Saikolojia cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kuandaa somo hili kwa Kiswahili cha mji. Wasimamizi wa maeneo ya afya wanaweza kuteua muuguzi mmoja na APS mmoja kwa kila kituo, na kuwapa mtu wa kuwasimamia kila mwezi. Walezi wenye uzoefu wa kurudisha watoto nyumbani waitwe wawe walimu, si wanafunzi. Na wewe msomaji, kama ni shangazi, mjomba au bibi, usisubiri mafunzo hayo: mtoto wa ndugu yako akifukuzwa usiku wa leo, mpe kitanda, na kesho mwende pamoja kwa baba yake.